Malezi ya Sparta: ya kuigwa au ya kuogopwa?

Mleta mada: Wakuu, kila tukilalamika kuwa vijana wamedekezwa, hakosi mtu wa kutuletea Sparta, ule mji-dola wa kivita wa Ugiriki ya kale. Mtoto wa miaka 7 anatolewa kwa mama yake, anaingia kambini. Akifika 12 anapewa vazi moja la mwaka mzima, joto na baridi humo humo. Kitanda anajitandikia matete ya mto Eurotas, na hayo matete anayavunja kwa mikono, kisu marufuku. Chakula anapunjwa makusudi ili aibe. Akikamatwa anachapwa, kosa si wizi, kosa ni kukamatwa.

Sawa, wakakamavu. Ila ukakamavu ule ulikuwa wa kumkabili nani? Mimi nasema Waheloti, yaani watu wa Messenia na Lakonia waliofanywa watumwa wa kuwalimia mashamba. Kwenye vita vya Plataea dhidi ya Waajemi mwaka 479 KK, mwanahistoria Herodotus anahesabu, upande wa Sparta, Wasparta 5,000 na Waheloti 35,000. Mmoja kwa saba! Kila mwaka maefori watano, yaani viongozi wakuu wa kuchaguliwa, wakiingia madarakani waliwatangazia Waheloti vita, ili kumuua mmoja wao kusihesabike kuwa dhambi. Kisha vijana hodari waliotoka kambini wanatumwa usiku na majambia kuwawinda. Shule gani hiyo?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeegemea upande mmoja. Athens nayo ilijaa watumwa. Sparta wasichana walikimbia na kupigana mieleka, wanawake wakamiliki ardhi mpaka mwanafalsafa Aristotle akalalamika kuwa wanashika karibu sehemu mbili kwa tano ya nchi. Na wafalme walikuwa wawili, wakichungana, juu yao maefori wa mwaka mmoja mmoja wenye uwezo wa kumshtaki mfalme.

Mchangiaji wa pili: Umeruka baraza la wazee 28, lazima uwe umetimiza miaka 60. Walivyochaguliwa sasa! Waamuzi wanafungiwa nyumba ya jirani, hawamwoni mgombea, wanasikiliza tu nani kapigiwa kelele nyingi zaidi. Aristotle mwenyewe aliuita mtindo huo wa kitoto. Sisi tulichagua kiranja hivyo hivyo darasa la tano.

Mleta mada: La wasichana nakupa. Lakini Athens haikuwatangazia watumwa wake vita kila mwaka. Halafu tazama raia wenyewe: ukishindwa kupeleka fungu lako la shayiri, divai, jibini na tini kwenye meza ya pamoja, uraia kamili umekwenda, hata kama mgongo wako una makovu yote ya kambini. Mwaka 480 KK walitajwa wanaume 8,000. Enzi za Aristotle hawafiki 1,000. Kwenye vita vya Leuctra dhidi ya Thebes, 371 KK, walikuwa 700 uwanjani, wakafa 400. Haikupita miaka miwili, jemadari Epaminondas wa Thebes akaikomboa Messenia, na mashamba yakaenda.

Mchangiaji wa kwanza: Kwa Leuctra sina jibu. Ila ardhi ya wale wanawake tutairudia, usidhani nimesahau.