Pafyumu za watengenezaji huru: mteja aambiwe kilichomo, au siri ya fomula iheshimiwe?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutupiana maneno. Mtu anayechanganya pafyumu nyumbani kwake, iwe Njiro au Sakina hapa Arusha, au kule Moshi, kisha akaiuza kwa jina la kuvutia, je, alazimike kuandika kwenye lebo viungo vinavyojulikana kuleta mzio? Au fomula ni mali yake, na mteja kazi yake ni kunusa na kulipa?

Msimamo wangu nauweka mapema: aandike. Harufu iwe huru kabisa, hata mtu akitaka kutuuzia harufu ya tairi lililoungua, lakini lebo iseme kilichomo. Mimi mwenyewe nachanganya, hivyo ninachokidai kitaanza kunibana mimi.

Kwa ambao hawajafuatilia mambo haya: manukato mengi ya makampuni maarufu huundwa na wataalamu walioajiriwa na viwanda vichache vikubwa, kama Givaudan ya Uswisi na IFF ya Marekani. Pembeni yao kuna watu wanaofanya kazi peke yao au na wasaidizi wachache. Andy Tauer wa Zurich alijipatia jina kwa pafyumu yake L'Air du Désert Marocain mwaka 2005. Kampuni ndogo ya pafyumu ya Ufaransa, Etat Libre d'Orange, ilitoa Sécrétions Magnifiques mwaka 2006, kazi ya Antoine Lie, inayokumbusha damu, jasho na maziwa. Wapo walioipenda na wapo walioikimbia. Kabla yao, mwaka 1998, kampuni ya mitindo ya Comme des Garçons ilitoa Odeur 53, ambayo katika maelezo yake imo harufu ya nguo zinazokauka upeponi na ya mpira ulioungua. Los Angeles kuna hata taasisi, Institute for Art and Olfaction, iliyoanzishwa mwaka 2012, inayotoa tuzo kwa watengenezaji huru na kwa majaribio ya harufu.

Huku kwetu vijana wameanza, na nawapenda kwa ujasiri wao. Yupo anayetafuta harufu ya kibuyu cha maziwa cha Kimaasai, kile kinachosafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien mpaka maziwa yanabeba moshi. Yupo anayehangaika na leleshwa, majani ambayo Wamaasai wamekuwa wakijiwekea kwapani tangu zamani. Mwingine anataka harufu ya mbege, pombe ya ndizi, siku ile inapoanza kuchacha. Hizi ni harufu zetu. Nani mwingine atazitengeneza?

Mimi nimejikita kwenye mvua ya kwanza, ile inayopiga vumbi la Arusha baada ya kiangazi. Watu wa Kannauj, India, wana njia yao ya siku nyingi: hukeneka udongo uliochomwa na kuukusanya mvuke wake ndani ya mafuta ya sandali. Mimi natumia jeosmini, kemikali ileile ambayo bakteria wa ardhini huitoa na pua zetu huikamata hata ikiwa sehemu chache sana katika trilioni. Naiweka kwenye kichupa ndani ya mtungi wenye kifuniko, maana ikivuja tone moja chumba kizima kinakuwa shamba. Ukiinusa kwenye karatasi ikiwa imezimuliwa vya kutosha, unapata udongo uliolowa. Ikizidi kidogo tu, unapata bitiruti iliyotoka kuchemshwa. Kazi yote iko kwenye huo mpaka, na mizani yangu inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu.

Kwa hiyo sisemi haya kwa kuidharau kazi hii. Nasema kwa sababu ya mdogo wangu wa kike. Alinunua chupa kwa mtengenezaji mmoja hapa mjini, pafyumu nzuri kweli, ina viungo vya pilau na ngozi ya viatu. Siku ya pili shingo ikamvimba, vipele kuanzia nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga. Daktari akauliza swali la kawaida kabisa: ndani yake kuna nini? Tukageuza chupa. Jina, picha ya simba na maneno "asili tupu, haina kemikali". Basi. Tulipompigia muuzaji alisema fomula ni siri ya biashara. Daktari akabaki anakisia, na mdogo wangu mpaka leo hajui ni kitu gani akiepuke maisha yake yote.

Hilo neno "asili tupu" ndilo linaloniumiza zaidi. Mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba ni ya asili, na sehemu yake kubwa ni yujenoli, kemikali ambayo imo kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kuleta mzio. Mdalasini nao umo, kupitia sinamali. Hata limonini ya maganda ya chungwa imo. Umoja wa Ulaya ulianza na orodha ya viungo 26 ambavyo lazima vitajwe kwenye lebo vikizidi asilimia 0.001 katika kipodozi kinachobaki kwenye ngozi bila kuoshwa. Kanuni ya mwaka 2023 imeipanua orodha hiyo hadi zaidi ya 80, na bidhaa mpya zinatakiwa kuifuata kuanzia Julai 2026. Vingi kati ya hivyo vimo kwenye maua, mbao na majani.

Wanaotetea siri watasema fomula itaibiwa. Nawaomba waangalie pafyumu ya Molecule 01 ya mtengenezaji Geza Schoen, iliyotoka mwaka 2006. Ndani yake kuna kiungo kimoja cha harufu, Iso E Super, na hakikufichwa. Kila mwenye pesa ya kununua malighafi anaweza kuichanganya jikoni, na bado chupa zinanunuliwa. Tena kiwanda kikubwa kikitaka kujua umeweka nini, kina mashine za kuitenganisha pafyumu yako kiungo kwa kiungo. Hazifichui kila kitu, hasa mafuta ya mimea yanapokuwa mengi, lakini zinafichua vya kutosha. Anayebaki gizani ni mteja.

Karibuni. Nataka hasa kusikia wanaopinga.

Mchangiaji, Moshi (muuzaji na mchanganyaji):

Mleta mada, pole kwa mdogo wako, lakini hapa unatuchimbia kaburi. Nauza unyunyu karibu na stendi. Kwenye meza za wenzangu zimejaa chupa zenye majina makubwa ya Ulaya ambazo hazijawahi kuiona Ulaya, na zina lebo ndefu yenye viungo vyote imechapishwa vizuri. Lebo ya uongo. Sasa wewe unamwacha huyo na unakuja kwa kijana mwenye chupa chache za mfano.

Pili, hizo gharama unazifahamu? Ukinunua mafuta ya karafuu sokoni huambiwi yana yujenoli asilimia ngapi. Ili niandike kwa uhakika nahitaji maabara. Kiwanda kinapewa karatasi za vipimo na wanaokiuzia malighafi, mimi nauziwa mafuta ndani ya chupa ya maji iliyosuuzwa. Ukiweka sharti la Ulaya kwa mtu wa Majengo, umemwambia afunge.

Na kuna jambo la heshima pia. Bibi zetu wa Pwani wamechanganya udi, ambari na mawaridi, kila nyumba na mkono wake, mama akamwachia binti. Hakuna aliyeombwa kuandika. Mtu anayenunua pafyumu ya moshi wa kibuyu anajua anafuata kitu kisicho cha kawaida. Mwache mtu mzima achague. Mimi fomula yangu ya kahawa na ndizi zilizoiva sitaibandika ukutani.

Mchangiaji, Moshi (muuguzi):

Nitasema moja tu kwa sababu ndilo ninaloliona. Mafuta ya ndimu na limau yaliyokamuliwa bila moto yana vitu ambavyo vikikutana na jua kwenye ngozi vinaunguza. Chama cha viwanda vya manukato duniani, IFRA, kimeweka kikomo: ndimu ya kukamua isizidi asilimia 0.7 katika kitu kinachobaki kwenye ngozi inayopigwa jua, na bergamoti, tunda la jamii ya ndimu, asilimia 0.4. Sisi tuko karibu na Ikweta na miji yetu iko juu. Mtu akijipulizia shingoni saa nne asubuhi akaenda shambani, alama inaweza kukaa miezi.

Na kuhusu udogo wa mtengenezaji: hapa hapa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Yalitengenezwa kwa ajili ya ngozi za hapa, katika kitengo kidogo, kwa vipimo na kumbukumbu. Kwa hiyo kaka wa stendi, udogo peke yake hauwezi kuwa sababu.

Mleta mada:

Ahsante sana dada kwa hilo la ndimu. Wengi wetu tunapenda kuanza na ndimu kwa sababu inachangamsha, na ndiyo rahisi kuipata.

Kaka wa stendi, nakujibu kwa heshima maana hoja zako mbili ni nzito.

Kuhusu feki, tuko pamoja. Lebo ya uongo ni kosa kubwa kuliko kutokuwa na lebo, na wanaozichapisha wafuatwe kwanza. Usimamizi wa vipodozi ulihama kutoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, na meza za stendi zinaonekana na kila mtu. Ila mtu mwenye chupa feki hawezi kuwa kipimo chetu. Sisi tunauza kwa kumwambia mteja kwamba tumechanganya kwa mkono na tunajua kila tone. Tukishasema hivyo, hatuna njia ya kukataa kumwambia kilichomo.

Kuhusu maabara, hapa umenisogeza. Ni kweli huwezi kutaja asilimia ya kitu ulichouziwa kwenye chupa ya maji. Lakini mimi sikudai asilimia. Nadai majina. Karafuu ina yujenoli, hilo halihitaji maabara ya Moshi, limeandikwa miaka mingi. Kama umeweka karafuu, andika karafuu na yujenoli. Kama umeweka mdalasini, ndimu, chungwa, langilangi, andika hivyo. Kiasi gani, kwa mpangilio gani, umeviloweka siku ngapi, ndizi yako umeipataje: hayo yote ni yako na sitaki kuyajua. Hakuna atakayeijenga upya pafyumu yako ya kahawa kwa orodha ya majina kumi. Na kama malighafi huijui imetoka wapi wala ina nini, sioni kwa nini iguse shingo ya mtu.

Umetaja bibi zetu. Nawaheshimu kama wewe, na ndiyo maana naona mfano huo haukusaidii. Bibi alimchanganyia binti yake, na mvaaji alikaa palepale jikoni akiona kila kinachoingia chunguni. Mteja wako anashuka kwenye basi, ananunua, anapanda basi jingine.

Kuna jingine ambalo hakuna aliyeligusa: sandali. Wengi tunaandika "sandali" tu. Msandali wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, uliingizwa mwaka 2013 kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa sababu unang'olewa mpaka mizizi; mafuta yamo humo mizizini. Mafuta ya msandali yanayouzwa kwa bei ya kutupa bila karatasi yoyote yanatakiwa kumshtua mchanganyaji kabla hayajamfikia mteja. Ukilazimika kuandika ni sandali ipi, utalazimika kumuuliza aliyekuuzia.

Sheria ambayo ningeiunga mkono ni nyepesi, na nasema nyepesi kwa makusudi, kwa sababu ya hofu yako ya kufungiwa. Karatasi moja ndani ya boksi: majina ya viungo vyenye historia ya mzio, aina ya spiriti na kiasi chake, onyo la jua kama kuna ndimu au bergamoti ya kukamua, mwezi wa kuchanganya, namba ya mchanganyiko, na simu inayopokelewa. Usajili upitie njia ambayo wajasiriamali wadogo tayari wanaitumia, ya kutambulishwa na SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwenda TBS, na ada ilingane na chupa mia, isilingane na kiwanda. Ikija ada ya kiwanda, mimi nitasimama upande wako, kaka, na nitaandika hapa hapa.

Ninachokikataa moja kwa moja ni mtu kutumia neno sanaa kama pazia. Antoine Lie akituletea damu na maziwa, au kijana wa Monduli akituletea moshi wa kibuyu, tubishane kuhusu harufu hadi usiku. Hilo la ngozi tusilibishanie.

Swali kwako, kaka, na kwa wengine wanaochanganya: ukiondoa vipimo, ni kiungo gani kimoja kwenye chupa yako ambacho jina lake likijulikana tu biashara inakufa? Mimi nimekitafuta kwenye rafu yangu, sijakiona.