Msaada: Commodore 64 taa inawaka, skrini nyeusi tii

mrithi64: Wakuu, habari. Nimerithi kompyuta hii ya zamani kwa marehemu mjomba, ilikaa kabatini miaka mingi. Juzi ilifunguka vizuri. Jana katikati ya mchezo skrini ikajaa herufi za ajabu ajabu, kisha giza. Nimezima na kuwasha kama mara tano, wapi! Nimeifungua: katika zile chipu 8 za safu mbili, moja inaunguza, ukiigusa unarudisha kidole mwenyewe. Zilizobaki vuguvugu tu. Kila ninaposoma naambiwa skrini nyeusi ni chipu ya PLA imekufa. Ni kweli?

fundi_lehemu: Mkuu, kwanza acha kuiwasha. Kila "ngoja nijaribu tena" inaongeza maiti. Hizo 8 ni RAM, yaani chipu za kumbukumbu, aina ya 4164. PLA, inayoamua chipu ipi isomwe, ni ile yenye alama U17 kwenye bodi, na yenyewe hupata moto hata ikiwa nzima. RAM inayounguza ni habari nyingine: imepiga shoti ndani. Ila mimi namshuku aliyeiua. Chomoa plagi ya adapta kwenye kompyuta, weka mita kwenye DC, pima pini ya 5 na ya 2. Tuletee namba.

kisoketi: Si apachike tu 4164 nzima juu ya hiyo, mguu kwa mguu, aone?

fundi_lehemu: Hiyo husaidia chipu ikiwa imekata mawasiliano ndani. Ikiwa na shoti, mbovu itaivuta nzima chini.

mrithi64: Volti 6.3.

fundi_lehemu: Mchawi huyo! Inatakiwa 5, na ikipita 5.25 mimi sichomeki. Kidhibiti volti ndani ya adapta kikizeeka huachia umeme upite, na RAM ndizo hutangulia kufa. Usihangaike kuitengeneza, nyingi zimejazwa gundi ngumu kama jiwe. Tafuta mpya. Chipu usiing'oe nzima nzima: kata miguu yote 16, halafu uitoe mmoja mmoja kwa pasi ya kulehemu. Njia za shaba za bodi hizi zikipata moto mwingi hubanduka, nimewahi kulia. Kisha weka soketi, kile kikalio cha kuchomekea chipu bila kulehemu.

mrithi64: Nimerudi. Adapta mpya 5.1, soketi, chipu. Skrini ya bluu na ule ujumbe wake wa kuwaka salama, 38911 BASIC BYTES FREE! Mguu wa tisa nusura unitoe roho, risasi ilikataa kuyeyuka mpaka nilipoiongezea mpya. Adapta ya mjomba nimeikata waya, asije mtu akaichomeka.