Naomba ushauri: kombe la kumbukumbu na wageni wasio na handikapu

Wadau wa gofu, hamjambo? Kikundi chetu hapa Kakamega kinaandaa siku ya kumkumbuka mwenzetu aliyetutoka. Tutacheza Stableford, yaani pointi kwa kila shimo: bogi (pigo moja juu ya kiwango cha shimo) pointi 1, paa (kiwango chenyewe) 2, badi (pigo moja chini yake) 3, baada ya kutoa handikapu, yale mapigo ya nafuu anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake. Hapo sawa. Shida ni shemeji na binamu za marehemu, wanataka kucheza, lakini handikapu rasmi hawana. Kuwakataza ni aibu. Tukiwapa za kukisia, kombe litabebwa na mtu aliyeshika fimbo juzi, na mjane ndiye atakayelikabidhi, keshalisugua likang'aa. Tuwatengee zawadi yao? Na pointi zikilingana, tuangalie mashimo 9 ya mwisho, ama warudi uwanjani? Mvua ya huku ya alasiri mnaijua.