Oksimeta (kipima oksijeni ya damu) inasoma asilimia 89, mtoto anatoka Makete: nishike 90 ya mwongozo au nishushe?

Tabibu_Makete: Wakuu wa zahanati za nyanda za juu, naomba mwongozo juu ya mwongozo. Tunafundishwa kuwa oksijeni chini ya 90 ni rufaa. Baridi ya Juni na Julai, watoto wa kikohozi huku wanasoma 88 mpaka 91. Tukiwapa rufaa wote, gari halitoshi. Mwinuko una hesabu yake? Na wanaobaki, amoksilini (antibiotiki) ya kuyeyuka mnaigawaje?

Muuguzi_Uyole: Kiwango usikiguse kabla hujakagua kipimo. Kidole cha baridi hakipitishi damu vizuri, mashine inabaki kubahatisha. Funga mguu kwa kitenge mpaka upate joto, kisha weka klipu ya watoto kwenye kidole gumba cha mguu. Klipu ya mtu mzima inavujisha mwanga pembeni. Kidole chenye hina, hamia kingine. Acha namba itulie nusu dakika, halafu hesabu mapigo kwa stethoskopu: yakipishana sana na ya mashine, hiyo 89 itupe, upime upya.

Mwinuko: Shirika la Afya Duniani (WHO) linashusha hadi 87 kuanzia mita 2,500. Mbeya mjini ni kama 1,700, hakuna punguzo. Watu wa Kitulo, uwanda wa Makete unaopita 2,500, ndio wanaoweza kulidai.

Mkuu wa Zamu: Naongezea. Mwenye degedege, mshtuko au aliyepoteza fahamu hasubiri ashuke chini ya 90 ndipo apewe oksijeni. Anapewa akiwa chini ya 94.

Pumzi nazo, kwenye kutambua nimonia, zinatuangusha. Hesabu dakika nzima, siyo sekunde 15 mara nne, na mtoto awe ametulia. Ukimvua nguo zote kwenye chumba cha baridi atalia, hesabu imeharibika. Pandisha shati tu. Miezi 2 hadi 11, haraka ni 50 na kuendelea. Mwaka 1 hadi kabla ya 5, ni 40. Dalili nyingine, kubonyea kwa kifua, ni pale sehemu ya chini ya mbavu inapoingia ndani akivuta hewa. Nyama za katikati ya mbavu peke yake hazihesabiwi.

Amoksilini ya miligramu 250, mara 2 kwa siku, siku 5: kilo 4 hadi chini ya 10, kidonge 1, 10 hadi chini ya 14, viwili, 14 hadi 19, vitatu. Mama ayeyushe cha kwanza mbele yako kwenye kijiko cha maji safi. Wengi huacha siku ya tatu homa ikishuka, kwa hiyo mhesabie vidonge 10, 20 au 30 na umweleze sababu. Arudi baada ya siku 3.

Tabibu_Makete: Nashukuru sana. Na anayesoma 93 lakini hanyonyi?

Mkuu wa Zamu: Rufaa, hata angesoma 97. Hanyonyi, anatapika kila kitu, degedege, amelegea: moja tu inatosha. Kabla gari halijafika mchome antibiotiki mbili, ampisilini miligramu 50 na gentamisini 7.5 kwa kila kilo, mpe maji ya sukari kwa mpira wa puani kama hamezi, na mama ambebe kifuani ndani ya blanketi.