Tunahamia Dodoma mwezi wa saba, watoto watatu, naanza na nyumba au shule?

mama_wa_kihonda
Habari za humu wapendwa. Mume wangu kahamishiwa wizarani kule Mtumba, mwezi wa saba mwaka huu 2025 tunatakiwa tuwe tumeshafika, kwa sasa tupo Morogoro. Nina watoto watatu, mkubwa yupo kidato cha kwanza shule ya kata hapa hapa, wa katikati darasa la nne, mdogo la kwanza, na wote ni kayumba, shule za serikali za kawaida. Sasa baba yao anasema kwa vile tunahama basi ndo wakati wenyewe wa kuwaingiza ingilishi midiamu, na huyo wa la nne ikibidi aende bweni kabisa. Mi roho inasita. Kila ninayemuuliza ananitajia shule anayosomesha yeye na kuisifia utadhani kalipwa. Nyumba bado hatujapata, dalali anataja Ilazo, Nzuguni, Kisasa, na kuna moja ipo Mkonze kodi yake nzuri mno. Nianzie wapi? Na ni kweli huko watoto wanaamshwa saa kumi usiku?? Huyu mtoto wangu wa mwisho ana miaka 6 jamani.

zabibu_kavu
Mbukwenyi dada, karibu Dodoma. Anza na shule, nyumba ifuate, usifanye kama sisi. Sisi tulikuja 2019 tukakimbilia kodi rahisi upande wa Mkonze huko, mwenzangu kazi Mtumba, mtoto shule ipo Kisasa, yaani kila siku ya Mungu tunaukata mji mzima. Mtumba iko njia ya kwenda Dar, kama kilomita 17 kutoka mjini, kwa hiyo ukikaa Ilazo, Nzuguni au Kisasa mzee anaingia barabarani anaenda zake, na shule za upande huo zipo nyingi za serikali na za binafsi. Hiyo kodi utakayookoa Mkonze utaimalizia kwenye mafuta na bodaboda.

Hilo la saa kumi usiku ni kweli na si kweli, inategemea gari la shule linaanzia wapi. Gari moja linazunguka mitaa hata minne, mtoto anayepandishwa wa kwanza asubuhi mara nyingi ndo anakaa kwenye gari muda mrefu kuliko wote. Wangu alikuwa wa kwanza, saa kumi na moja na robo yuko getini na giza lote, analala kwenye kiti mpaka shule, jioni anarudi kashalala tena. Kwa hiyo ukienda kuulizia shule usiulize tu gari lipo au halipo, uliza mtaani kwetu mtoto atakuwa wa ngapi kupanda. Wakianza kujiumauma ujue jibu.

mwl_chaki
Mama wa Kihonda, mimi ni mwalimu wa msingi, naomba niseme moja: huyo wa darasa la nne msimguse mpaka mwezi wa kumi upite. Mwaka huu ana upimaji wa kitaifa, na kwa sasa jina lake litakuwa limeshasajiliwa hapo anaposoma. Halafu fikiria mtoto kasoma sayansi na hisabati kwa Kiswahili miaka yote, unampeleka mchepuo wa Kiingereza mwezi wa saba, Oktoba anakaa kwenye mtihani kwa Kiingereza. Huo ni uonevu. Kama kuna bibi au shangazi huko Morogoro mwache amalizie hapo.

Bweni ndo futeni kabisa, toka 2023 serikali ilizuia bweni kuanzia awali mpaka la nne, labda shule iwe na kibali maalum.

Kingine, wazazi wengi hawajui, mtoto ana namba yake ya PReM, ndo inamfuata popote anapokwenda, na uhamisho unafanyika humo kwenye mfumo, sio barua tu ya kubeba mkononi. Mwambie mwalimu mkuu mapema, sio siku mnapakia vyombo kwenye fuso. Nimeshaona mtoto anasoma shule mpya huku kwenye mfumo bado yupo ya zamani, inakuja kujulikana wakati wa kusajili mitihani, mzazi anaanza kupanda mabasi kurudi alikotoka.

Na huyo wa la nne yupo kwenye kundi lililoanza la tatu 2024 na mtaala mpya, kwa hiyo msingi wanamalizia la sita 2027 pamoja na wale wa la saba. Hana miaka mingi ya kuchezea.

babu_wa_hombolo
Sisi tumesoma chini ya mbuyu na leo tunawasomesha nyie. Mtoto mpeleke shule iliyo karibu na nyumbani ale ashibe, basi.

mama_wa_kihonda
Babu shikamoo 😂 Mwalimu asante sana, yaani umeniokoa, la bweni hata sikujua. Sasa baba yao kanionyesha bango la shule moja, darasa la saba wote wana A, kila mtu, hakuna hata B. Hii si ndo shule?

mwl_chaki
Inaweza kuwa nzuri kweli. Ila fanya hivi, usiishie kwenye bango. NECTA, yaani baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora toka matokeo ya 2022 lakini matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti yao. Fungua ya darasa la saba 2024 uhesabu walikuwa wangapi, halafu rudi kwenye upimaji wa la nne 2021 wa shule hiyo hiyo, kwa sababu ni watoto wale wale. Ukikuta la nne walikuwa 60 na la saba wamebaki 35 jiulize hao 25 wamekwenda wapi. Wapo waliohama na wazazi, sawa, hasa mji kama huu wa watumishi, lakini na wengine waliambiwa kistaarabu watafute shule nyingine maana wataharibu wastani. Bango linaonyesha waliobaki.

mama_G_ilazo
Hapo kwa mwalimu nasimama na miguu yote miwili. Yangu mimi ni hii, nilimtoa wa kwangu kayumba akiwa la tatu, jina la shule silitaji, akafanyiwa intavyuu nikaambiwa arudi la pili kwa sababu ya lugha. Nikakubali maana ada nilishalipia. Wiki ya pili mtoto kawa bubu. Mtoto aliyekuwa anapiga stori mpaka unamwambia nyamaza, sasa anarudi anavua viatu anakaa. Kumbe shule ukiongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni, na yeye Kiingereza hana, akaamua asiongee kabisa!! Nilienda pale ofisini nikaongea Kiswahili changu chote. Ilichukua karibu mwaka akarudi sawa.

Sisemi ingilishi midiamu mbaya, mdogo wake kaanzia huko toka awali na anachapa ngeli kama maji. Kwa hiyo dada kama kuna wa kupeleka ni huyo wa la kwanza, bado laini. Wa sekondari asikupe presha, kote wanafundishwa kwa Kiingereza, mtafutie ya serikali jirani na mtakapokaa, ila uhamisho wa mkoa kwa mkoa una kuzunguka ofisi so anza sasa hivi. Na ada waambie wakupe karatasi nzima, gari, chakula, sare, vitabu, masomo ya jumamosi, maana ile ya kwenye tangazo ni ya mlangoni tu.

mama_wa_kihonda
Jamani nimesoma mpaka nimemsomea na mume wangu. Tumekubaliana wa katikati anabaki kwa shangazi yake Kihonda mpaka amalize mtihani, kwa treni ya SGR baba yake anaweza kuja wikiendi sio mbali. Mkubwa na mdogo tunaondoka nao. Wa la kwanza bado tunavutana, baba anataka midiamu mimi nataka kwanza niione hiyo shule watoto wakiwa mapumziko, nisikie wanaongeaje wenyewe kwa wenyewe. Mkonze nimemkatalia dalali, kanuna.

zabibu_kavu
Muache anune. Nyumba ya Nzuguni usilipe kwa picha, njoo jumatatu moja saa kumi na mbili asubuhi ukae hapo barabarani uhesabu magari ya shule yanayopita na watoto wanaokwenda kwa miguu, utapata majibu kuliko humu. Ulizia na maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, sare za watatu hazifuliwi kwa dua. Na sweta, mwezi wa saba mtoto asitoke bila sweta.

mama_wa_kihonda
Sweta? Dodoma si jangwa?

zabibu_kavu
😂😂 Njoo kwanza.