Yuniti za pamoja mwaka wa kwanza: zina faida gani kwa mwanafunzi wa uhandisi?

BintiKizingo:
Assalaam alaykum wenzangu. Mpwa wangu ameitwa kusomea uhandisi wa mitambo hapa Mombasa. Muhula wa kwanza ana yuniti saba, yaani masomo saba. Nne ni za fani yake: hisabati, fizikia, uchoraji wa kiufundi na karakana. Tatu zilizobaki ni za pamoja, zisizo za fani yake: Stadi za Mawasiliano, Fikra Tunduizi (kupima hoja kabla ya kuikubali) na ile ya Ukimwi. Babake auliza kwa nini alipe karo mtoto akafundishwe kuandika barua, na kijana mwenyewe ashaanza kusema hizo tatu zajipita zenyewe. Ni kweli? Na azisome vipi zimfae?

Mwalimu_Tudor:
Waalaykum salaam dada. Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo babake atasikia. Vyuo vyetu vingi hutoa alama 30 kwa CAT, yaani majaribio ya darasani ya katikati ya muhula, na 70 kwa mtihani, kufaulu ni 40, na yuniti ya pamoja huingia kwenye wastani sawasawa na ya fani. Chukulia kijana apata 64 katika zile nne, halafu zile tatu azipuuza apata 48. Wastani wake ni 57. Lau angepata 65 katika hizo tatu, wastani ungefika 64. Hapo ndipo daraja la pili la juu, linaloanzia 60, linapoachana na la chini. Kozi nyingine hupunguza uzito wa mwaka wa kwanza katika hesabu ya shahada, kwa hivyo na asome kanuni za kitivo chake kabla ya kujifariji.

Sasa hiyo ya kujipita. Madarasa haya huwa na mamia ya wanafunzi, mahudhurio hayafuatwi sana, na CAT huweza kutangazwa leo ikafanywa kesho. Aliyezikosa zote ahitaji 40 kati ya 70, yaani asilimia 57 ya mtihani, ili apite tu. Mwenzake aliyeingia na 18 za CAT, 22 zamfikisha hapo hapo. Na akianguka, mtihani wa marudio mara nyingi huandikwa 40 hata kama amepata 80. Wanaoanguka hapa si wajinga, ni watoro.

Fundi_Changamwe:
Mwalimu ameongea alama, mimi niongee kazi. Stadi za Mawasiliano faida yake haiko kwenye barua, iko kwenye ripoti ya maabara.

Chukua jaribio la kupima ufanisi wa pampu. Ripoti yataka lengo, vifaa, mbinu, matokeo, mjadala na hitimisho, na kila sehemu ina namna yake ya kuharibika. Mbinu huandikwa kama maagizo, "funga vali", badala ya kilichofanyika, "vali ilifungwa hadi kipimo kikasoma bar 2". Jedwali halina vizio. Grafu ina mstari mzuri lakini mihimili haijapewa majina. Hitimisho lajibu swali ambalo lengo halikuuliza. Kosa baya zaidi ni mtiririko wa maji kupimwa kwa lita kwa dakika kisha kutiwa kwenye fomula bila kugeuzwa kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Jibu latoka kubwa mara 60,000, na mwanafunzi huliandika bila kushtuka, kwa sababu sehemu ya mjadala kwake ni ya kujaza ukurasa. Mjadala ndipo mtu ajiulizapo: pampu yaweza kweli kuwa na ufanisi zaidi ya asilimia 100?

Hapo ndipo Fikra Tunduizi yaingia. Beringi ya mashine yafa, yabadilishwa, yafa tena, na lawama zote kwa fundi wa zamu kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwapo. Kuwapo si kusababisha. Shafti zilipangwa sawa? Grisi ni ya aina ifaayo, na kiasi gani? Bandarini na viwandani hapa, anayeuliza hivyo na kuyaandika kwa ukurasa mmoja unaosomeka ndiye meneja humtafuta.

Ushauri: akirudishiwa insha ya Mawasiliano, asitazame alama tu akaikunja. Ayaorodheshe yale yaliyopigwa mstari mwekundu, kisha aipitishe ripoti yake ya maabara kwenye orodha hiyo kabla ya kuikabidhi.

Mkaguzi_Ganjoni:
Msizipambe mno jamani. Marekani shahada ni kama krediti 120 (vipimo vya uzito wa masomo), na masomo ya jumla huchukua sehemu kubwa yake, tena mwanafunzi ana nafasi ya kuchagua. Chuo Kikuu cha Columbia huko kimekuwa na somo lake la pamoja la ustaarabu tangu 1919. Sisi tulirithi mtindo wa Uingereza wa kuzama kwenye fani moja tangu siku ya kwanza, kisha tukabandika yuniti chache za lazima juu yake. Matokeo yake, mara nyingi ni noti za kusomewa na kunakiliwa. Babake ana hoja.

Lakini ile ya Ukimwi asiidharau. Waulize vijana: dawa za kinga baada ya kuwa hatarini zaanzwa lini? Ni ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Wengi hawajui, na huo ndio umri wa kuhitaji kujua.

BintiKizingo:
Shukran sana. Kijana ana diploma ya ufundi na Mawasiliano alishaisoma huko. Yawezekana asamehewe?

Mwalimu_Tudor:
Aombe, ila haraka. Apeleke kwa mwenyekiti wa idara barua, nakala rasmi ya matokeo, na muhtasari wa yuniti aliyoisoma ukionyesha mada na saa. Huu wa mwisho ndio husahaulika, na bila huo idara haina cha kulinganisha. Mpaka apate jibu kwa maandishi, ajisajili na ahudhurie kama kawaida. Ombi likikataliwa wiki ya nane na hakujisajili, CAT zishapita na jina lake halimo kwenye orodha ya mtihani.

Na kila karatasi aandike nambari yake ya usajili kamili, CAT zilizorudishwa azipige picha. Katika darasa la watu mia nne alama hupotea, na asiye na karatasi mkononi hana la kudai.