Mtoto kipanga anachoka darasani: arushwe darasa au abaki na wenzake?

Mama Uyole
Habari zenu ndugu zangu, naomba ushauri maana nyumbani tumeshabishana na baba yake hadi tumechoka. Mwanangu ana miaka 8 yuko la tatu, shule ya serikali hapa Uyole. Kusoma alijua kabla hajaanza la kwanza, alijifunzia kwenye magazeti ya kufungia maandazi yangu. Sasa ticha akiandika hesabu 10 ubaoni yeye anamaliza wenzake wako ya tatu, halafu anakaa tu. Na huu ubaridi wetu wa Juni kila mtoto ana sweta, basi yeye akikaa anachomoa uzi wa sweta anavuta, anavuta, mkono wa kushoto ukafumuka mpaka kwenye kiwiko. Sweta la kwanza nilimchapa. La pili lilipoanza kufumuka nikamuuliza taratibu, akasema mama nahesabu vitanzi mpaka wenzangu wamalize. Nimeitwa shule naambiwa ana kiburi, anajibu bila kunyoosha mkono. Baba yake anasema mtoto kuchoka shule ni kudeka. Swali langu, arushwe aende la nne au nimwache? Halafu niseme ukweli, walimu wengine hawampendi mtoto anayewazidi akili.

Chaki ya Mbarali
Dada uliuliza vizuri mpaka ulipofika mwisho. Mimi nizidiwe na mtoto wa miaka 8? Nina watoto 94 kwenye chumba kimoja, wakati kiwango tunachoambiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Huyo wako akimaliza zile 10 kuna 30 hawajajua saba inaangalia wapi. Nimkimbilie nani? Wazazi wa hivi mkija shule mnakuja kugomba, siku ya kikao cha wazazi hamuonekani.

Mama Uyole
Mwalimu samahani, nilisema wengine, sikusema wewe. Na vikao nahudhuria vyote.

Chaki ya Mbarali
Wengine ndio sisi.

Mpita Njia Makambako
Tatizo siku hizi kila mzazi ana kipanga. Umemuwahisha kusoma basi, wenzake wakifika la tano watamkuta. Hizi ni sifa. Ndiyo maana 2023 baraza la mitihani lilipoacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kuna wazazi walinuna kama wamefiwa.

Kamwene Iringa
Kaka Makambako acha kumvunja moyo mama wa watu. Kurushwa darasa zamani kilikuwa kitu cha kawaida kabisa, hata Mwalimu Nyerere alirushwa pale Tabora, na hakuna aliyesema mama yake anatafuta sifa.

Mzee wa Soweto
Siyo Tabora. Ni Mwisenge, Musoma, alianza pale 1934, kwenda Tabora ni 1937. Tuwe tunaandika vitu tunavyovijua.

Kamwene Iringa
Sawa mzee wangu, Mwisenge. Alirushwa au hakurushwa?

Mzee wa Soweto
Alirushwa. Ila alianza shule akiwa na miaka kama 12, kamwili kameshakomaa. Huyu wa miaka 8 utamweka na watoto wa miaka 10 na 11, wakati wa mapumziko wanamnyang'anya kiporo chake.

Kamwene Iringa
Hapo nakubali. Basi avumilie aje achaguliwe shule za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe huko, si ndiyo zilianzishwa kwa ajili ya watoto kama hawa. Hata Ifunda au Iyunga za kwetu hapa.

Chaki ya Mbarali
Ifunda na Iyunga ni za ufundi, vipaji maalumu ni hizo ulizotaja na Tabora zote mbili, Kilakala na Msalato. Huku Nyanda za Juu Kusini hakuna hata moja, hesabu mwenyewe. Na unaingia kwa matokeo ya mtihani wa kumaliza msingi. Mtoto wa la tatu mnamwambia asubiri miaka yote hiyo huku anahesabu vitanzi vya sweta?

Mama Uyole
Mwalimu hapo umenisemea.

Chaki ya Mbarali
Sijakusemea, nasema ukweli. Kumrusha siungi mkono. Mtoto ana namba yake ya PREM, ile ya usajili wa baraza la mitihani, kwenye mfumo, hahamishwi kama mche wa chai. Kaongee na mwalimu wa taaluma apewe vitabu vya la nne akae navyo, akimaliza za ubaoni afungue. Mimi ninao wawili wa namna hiyo, nimewapa kazi ya kuwaelekeza wenzao.

Mpita Njia Makambako
Kwa hiyo mzazi analipa michango ili mwanae awe mwalimu msaidizi bila mshahara. Mama mpeleke inglishi midiamu, kayumba hizi za serikali atakufia.

Chaki ya Mbarali
Wewe umesomea wapi? Kayumba. Na hapo unaandika bila kuomba msaada kwa mtu.

Shangazi Tukuyu
Wanangu mnazunguka. Mtoto anayechoka hana kazi. Sisi tukitoka shule ilikuwa chai, ndizi, kuni, maji, jioni hata jina lako umesahau, huo muda wa kufumua sweta tungeutoa wapi? Mpe jembe Jumamosi apande viazi, Jumatatu atakalia dawati kwa heshima.

Mkulima Isyonje
Shangazi shikamoo. Nilikuwa nasoma tu ila hapo kwenye viazi umenigusa kwenye kidonda. Mimi nilikuwa huyo mtoto. Nilipewa jembe hilohilo, na akili haikwenda popote, ilihamia shambani. Nikiwa la tano dalali alikuja kuchukua viazi vya baba, anafungasha lumbesa, kila gunia anaongeza kofia juu, anashonea na kamba kama kibanda. Nilikaa kwenye tuta nikahesabu debe zinavyoingia. Gunia ni debe 6, yeye anaweka 8. Gunia 40. Nikamwambia mbele ya watu, mzee umechukua debe 80 za bure, hizo ni gunia 13 na debe 2 juu. Kimya. Mpaka leo nalima viazi, silalamiki, ila msiniambie jembe ni dawa ya mtoto mwenye akili.

Shangazi Tukuyu
Marahaba mwanangu. Sikujua. Ila mimi nililelewa hivyo na sikufa.

Mpita Njia Makambako
Subirini, lumbesa si ilikatazwa? Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100.

Mkulima Isyonje
Imekatazwa barabarani, shambani hawafiki. Dalali anakuja saa 10 usiku na gari. Ukikataa lumbesa anahamia kwa jirani, viazi vyako vinaota kijani.

Mzee wa Soweto
Na nyie wakulima mnakubali. Kijiji kizima kikigoma msimu mmoja tu lumbesa inakufa.

Mkulima Isyonje
Mzee wangu, tugome na ada ya mtoto wa bodingi inadaiwa Januari?

Kamwene Iringa
Huku Kilolo lumbesa ipo hadi kwenye vitunguu. Ukileta mizani wanakwambia wewe mgeni.

Chaki ya Mbarali
Mkulima, hiyo hesabu yako ya debe naiandika ubaoni Jumatatu. Debe ya mkaa na ya mpunga wanaijua wote, hata wale 30.

Mama Uyole
Jamani nilikuwa nawafuatilia huku namkaangia chapati. Nimemsomea mwanangu hesabu ya Mkulima kama ilivyo, debe 2 kila gunia, gunia 40, zinakuwa gunia ngapi. Hajashika kalamu, kasema 13 zinabaki debe 2. Halafu akakaa kidogo akaniuliza, mama, walirudishiwa viazi vyao? Sijui nimjibu nini. Mkulima, walirudisha?

Mkulima Isyonje
Hawakurudisha dada. Dalali alicheka akapakia. Jioni baba alinichapa kwa kumwaibisha mtu mzima mbele ya wapagazi, na msimu uliofuata akamuuzia yuleyule.